Maswali ya Wasomaji: LNB Huchaguliwa kwa Kulitazama Dishi, si Boksi

Tangu masika ianze tumepokea barua nyingi kuhusu LNB, kile kifaa kinachokaa mwisho wa mkono wa dishi kikilitazama bakuli lake. Tumechagua barua tano za wasomaji wa Arusha na Moshi, na mwandishi wetu wa safu ya ufundi anazijibu hapa chini.

Msomaji wa Sakina, Arusha: Fundi, habari za kazi. Nina dishi la sentimita 90 lililofungwa kwa ajili ya king'amuzi cha Azam. Tangu radi ya mwezi uliopita skrini inaandika kwamba hakuna mawimbi. Fundi aliyekuja alisema LNB imeungua, akachukua fedha ya kununulia nyingine, na hadi leo hajarudi. Nilikwenda mwenyewe madukani mjini nikaonyeshwa aina kadhaa: moja imeandikwa 0.1 dB, nyingine 0.3 dB, nyingine ina maneno HD na 4K, na ipo yenye vichwa viwili vilivyoungana. Muuzaji ananishauri nichukue ya 0.1 kwa kuwa ndiyo inayovuta zaidi, nayo ndiyo ya bei kubwa kuliko zote. Nichukue ipi?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa fedha iliyopotea. Usirudi dukani kabla ya kupanda ngazi na kuisoma LNB ya zamani, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imeandikwa ubavuni mwake. Ikiwa jua halijafuta maandishi, utakuta tarakimu za aina mbili. Za kwanza ni masafa inayoyapokea, kwa kawaida kuanzia gigahezi 10.7 hadi 12.75, za pili ni masafa ya osileta yake ya ndani, yaani sehemu inayozalisha wimbi lake lenyewe lisilobadilika: 9.75 na 10.6. LNB yenye tarakimu hizo ndiyo ile ambayo boksi lake huandikwa Universal, ya bendi ya Ku (jina la kundi hilo la masafa), na ndiyo inayofaa dishi lako lililoelekezwa kwenye setilaiti za kampuni ya Eutelsat zilizo nyuzi 7 mashariki, yaani juu ya ikweta kwenye longitudo hiyo.

Nieleze kwa nini tarakimu za osileta zina uzito kuliko zote. Setilaiti iko umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mawimbi yanayofika darini kwako ni dhaifu mno, tena ya masafa ya juu ambayo waya wa kawaida ungeyameza kabla hayajafika sebuleni. LNB hufanya kazi mbili kwa pamoja: huyakuza, kisha huyateremsha kwa kutoa masafa ya osileta yake. Wimbi la megahezi 11,900, yaani gigahezi 11.9, likifika, hutolewa 10,600, na kinachoshuka kwenye waya ni megahezi 1,300. King'amuzi chako kimetengenezwa kusikiliza kati ya megahezi 950 na 2,150 tu, na kimekwisha kuambiwa kwamba osileta ni 9,750 na 10,600. Ukikifungia LNB yenye osileta moja ya 10,750, ambayo huuzwa zaidi Asia na Australia lakini hufika hata kwetu, kitatafuta chaneli mahali ambapo hazipo, hata kama kifaa chenyewe ni kipya na kizuri.

Sasa hizo desibeli, yaani dB. Kila kifaa cha elektroniki huzaa kelele yake, na 0.1 au 0.3 ni kipimo cha kelele ambayo LNB inaongeza juu ya mawimbi; si kipimo cha kuvuta. Tukibadilisha kuwa kelvini, kipimo cha joto ambacho mafundi hupimia pia kelele, 0.1 ni kama kelvini 7 na 0.3 ni kama kelvini 21. Tofauti hiyo ya kelvini 14 ni ya kweli, lakini dishi lenyewe huokota makumi ya kelvini kutoka kwenye ardhi yenye joto inayochungulia ukingoni mwake, na mvua kubwa ikinyesha, mvua yenyewe huongeza zaidi ya kelvini 100. Siku yenye anga safi tofauti kati ya LNB hizo mbili haifiki hata desibeli 1, ilhali dishi la sentimita 90 likikengeuka nyuzi 1 tu kutoka kwenye setilaiti hupoteza karibu nusu ya mawimbi, yaani desibeli 3. Halafu, ile 0.1 huchapishwa kama sifa ya biashara, na mara nyingi ni ya sehemu moja nzuri ya masafa, si ya masafa yote. Mimi nikipewa LNB ya 0.3 yenye mfuniko imara na fedha iliyobaki nikanunulie waya bora, sitaitazama ya 0.1 mara mbili.

Maneno HD na 4K yapuuze. LNB haijui kama wimbi linabeba picha, redio au maandishi. Kazi ya kufasiri ni ya king'amuzi. Ile yenye vichwa viwili vilivyoungana imetengenezwa kwa ajili ya setilaiti mbili zinazopishana kwa nafasi maalumu, mara nyingi nyuzi 6, kama zile zinazotazamwa pamoja kule Ulaya, na haina faida kwako. Neno moja ambalo lina maana ni PLL: LNB ya namna hiyo hushikilia masafa yake vizuri zaidi mchana wa jua kali na usiku wa baridi, na baridi ya Arusha ya Juni na Julai mnaijua.

Mwisho, usiamini kwamba imeungua kwa sababu umeambiwa. Radi hupita pia kwenye waya na kuua upande wa king'amuzi. Zima king'amuzi ukutani, fungua waya kwenye LNB, kiwashe tena, kisha umwombe mtu mwenye mita apime kati ya uzi wa katikati na ganda la koneta. Akisoma volti 13 au 18 hivi, king'amuzi na waya viko hai na LNB ndiyo ya kushukiwa. Asiposoma kitu, LNB mpya haitakusaidia.

Msomaji wa Pasua, Moshi: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana, nimebadilisha LNB mwenyewe kwa kufuata picha ya kwenye boksi. Nimeisimamisha wima, koneta ikitazama chini, alama ya sifuri ikiwa katikati kabisa. Dishi sijaligusa. King'amuzi kinaonyesha nguvu ya mawimbi asilimia 80 na ubora sifuri. Duka limekataa kunibadilishia likisema LNB ni nzima. Nani anasema kweli?

Jibu: Marahaba. Duka linaweza kuwa sahihi, na wewe hujakosea kufuata picha. Picha ndiyo haikuchorwa kwa ajili ya Moshi.

Setilaiti hurusha mawimbi ya namna mbili, ya wima na ya mlalo, ambayo mafundi huyaita V na H, ili masafa yaleyale yabebe mizigo miwili bila kugongana. Mawimbi ya mlalo hulala sambamba na ikweta. Mtu wa Ulaya anapoitazama setilaiti iliyo kusini kwake, huyaona yamelala kweli, sawa na upeo wa macho, na LNB yake husimama kama kwenye picha. Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo tu kusini ya ikweta, na setilaiti ya nyuzi 7 mashariki tunaitazama upande wa magharibi. Kwetu, mstari wa ikweta wa angani unapanda kutoka upeo wa magharibi kwenda utosini. Kwa hiyo wimbi linaloitwa la mlalo linatufikia karibu limesimama, na lile la wima linatufikia limelala. Chukua kalamu, ielekeze magharibi, kisha uinue ncha yake kama inayofuata njia ya jua wakati wa alasiri, utaelewa upesi kuliko maneno yangu.

Kwa mahali kama Moshi na setilaiti hiyo, hesabu inatoa mzunguko wa nyuzi 83 hivi kutoka kwenye alama ya sifuri, ambao ni karibu robo ya duara. LNB uliyoisimamisha wima inampa king'amuzi H anapoomba V, na V anapoomba H. Kipimo cha nguvu kinapanda kwa sababu LNB inafanya kazi na inapitisha mawimbi na kelele, lakini ubora ni sifuri kwa kuwa chaneli inayotafutwa haimo humo.

Legeza skrubu mbili za kishikio bila kuigusa bakuli, uilaze LNB ubavu, halafu mwenzako akae mbele ya televisheni akikusomea ubora huku ukiizungusha polepole, nyuzi mbili mbili, ukisubiri sekunde kadhaa kila mara kwa sababu king'amuzi huchelewa kusoma. Kama ubora unapanda ukifika mahali halafu unashuka, rudi katikati ya mahali hapo. Ukiilaza upande usio wake utapata picha, ila utakuwa umepishana na mahali sahihi kwa nyuzi 14 hivi, na mvua ya kwanza itakuonyesha.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau hapa kwetu. LNB iliyolala ubavu huwa na koneta inayotazama pembeni, si chini, na maji ya mvua yanayoteremka kwenye waya huingia moja kwa moja. Vuta lile ganda la plastiki lifunike koneta, kisha uupitishe waya chini ya usawa wa koneta kwanza kabla haujapanda kwenye mkono wa dishi, ili matone yadondokee kwenye lile tumbo la waya. Nimefungua koneta nyingi ambazo uzi wake wa shaba umekuwa kijani, na mwenye nyumba alikwisha kununua LNB ya tatu.

Niongeze kwa wenye madishi ya DStv: hayo huelekezwa nyuzi 36 mashariki, ambako kwa Arusha ni karibu utosini kabisa, nyuzi 86 kutoka upeo wa macho. Huko mzunguko wa LNB ni mdogo zaidi, hivyo usinakili ulivyoona kwa jirani mwenye dishi linalotazama magharibi.

Mama wa Kibosho, Moshi Vijijini: Mwanangu, habari za huko. Nina dishi kubwa la wavu la futi 8 alilolifunga marehemu mume wangu uwanjani kwa ajili ya chaneli zisizolipiwa. Lilikuwa linaonyesha vizuri hata mvua ikinyesha. Sasa picha zimekatika tangu mnara wa simu ujengwe upande wa juu wa shamba. Mjukuu anasema nifunge LNB ndogo za kisasa kwenye dishi hilohilo, kwa kuwa dishi kubwa litavuta zaidi. Je, ni kweli?

Jibu: Shikamoo mama, na pole kwa msiba. Mwambie mjukuu asiitupe ile LNB ya zamani.

Dishi lako ni la bendi ya C, inayotumia masafa ya gigahezi 3.4 hadi 4.2, na LNB yake huwa na osileta moja ya 5.15. Urefu wa wimbi la bendi hiyo ni kama sentimita 7.5, wa bendi ya Ku ni kama sentimita 2.5. Ndiyo maana mvua ya Kibosho haikukusumbua, kwa kuwa tone la mvua ni dogo mno mbele ya wimbi refu, na ndiyo maana wavu wenye matundu ulitosha kuwa kioo cha mawimbi hayo. Kwa bendi ya Ku, uso wa dishi unapaswa usipotoke zaidi ya milimita moja na nusu hivi kutoka kwenye umbo lake, na wavu wa futi 8 uliokaa kwenye upepo na mvua miaka yote hiyo, na pengine kuku wamelala juu yake, hauwezi kuwa hivyo. Zaidi ya hapo, LNB ndogo zimetengenezewa dishi ambalo mkono wake uko upande wa chini, si lile lenye LNB katikati juu ya miguu mitatu. Mdomo wake hautalijaza dishi lako inavyopasa. Mjukuu hana kosa kufikiri kwamba kubwa huvuta zaidi. Huvuta zaidi lile lililoundwa kwa bendi hiyo.

Kuhusu mnara, nina shaka nao kama wewe ulivyoona mwenyewe. Katika nchi nyingi mitandao ya simu ya kizazi cha 5 hutumia masafa ya karibu na gigahezi 3.5, ambayo LNB ya zamani ya bendi ya C huyapokea pia bila kuulizwa. Wimbi la setilaiti limesafiri kilomita 36,000, la mnara limesafiri mita mia tatu. LNB huzidiwa, kama mtu anayejaribu kusikia mnong'ono kando ya spika ya harusi, na hata chaneli zilizo kwenye masafa mengine kabisa hupotea kwa pamoja.

Dawa ni LNB ya bendi ya C inayoanzia gigahezi 3.7 badala ya 3.4, au kichujio cha chuma kinachofungwa kati ya mdomo wa dishi na LNB. Kabla ya kununua, mwombe fundi mwenye kipimo cha kuonyesha masafa aje apime akiwa uwanjani, kwa sababu kama chaneli unazozipenda ziko chini ya 3.7, kichujio kitaziondoa pamoja na kero ya mnara. Akija, mwambie atazame pia kipande cheupe cha plastiki ndani ya mdomo wa dishi. Kipande hicho ni cha setilaiti zinazorusha mawimbi ya kuzunguka, na kwa zinazorusha V na H kikiachwa humo hupunguza mawimbi. Kelele za LNB hizi huandikwa kwa kelvini, 15 au 17 au 20, na kwa dishi la futi 8 usilipie tofauti hiyo fedha nyingi.

Msomaji wa Majengo, Moshi: Mimi na mpangaji wangu tunatumia dishi moja kwa kugawa waya kwa kile kigawanyio cha njia mbili. Kila mpangaji akibadilisha chaneli, baadhi ya zangu zinapotea. Nimeambiwa ninunue Quattro. Ni sawa?

Jibu: Hapana. LNB ya njia moja hupokea amri kupitia waya: volti 13 maana yake V, volti 18 maana yake H, na mlio wa kilohezi 22 maana yake sehemu ya juu ya masafa. Hali ni nne, na kwa wakati mmoja inaweza kuwa katika hali moja tu. Ving'amuzi viwili vikiipa amri mbili, mmoja hukosa. Nunua LNB ya Universal yenye njia mbili, ambayo huitwa Twin, kila king'amuzi kipate waya wake kamili kutoka darini. Quattro ina njia nne lakini kila moja imefungwa kwenye hali yake, na bila swichi kubwa ya kugawia haitawafaa nyote wawili. Yenye njia nne huru ni Quad, nayo ni ya kununua kama mna mpango wa kuongeza wapangaji.

Waya wa mpangaji ukizidi mita 30, chagua waya wa dishi wa aina ya RG6 wenye uzi wa shaba tupu. Ule wa chuma uliopakwa shaba hushikwa na sumaku, na hupunguza volti njiani, hata 18 iliyotoka kwenye king'amuzi inaweza kufika ikiwa imepungua mno. Hapo LNB hubaki kwenye V, na mpangaji hukosa chaneli zote za H akidhani umemnyima.

Msomaji wa Ilboru, Arusha: Je, LNB yenye nguvu zaidi inaweza kushinda kivuli cha Mlima Meru? Fundi ameniambia ndio unaonizuia.

Jibu: Mlima Meru, kwa urefu wake wote wa mita 4,566, ukitazamwa kutoka Ilboru haupandi hata nyuzi 15 kutoka upeo wa macho, na tena uko kaskazini. Setilaiti ya nyuzi 7 mashariki iko magharibi, kaskazini kidogo, kwenye nyuzi 55 juu. Hazikutani.

Simama nyuma ya dishi mchana na utazame linakotazama, ukikumbuka kwamba dishi lenye mkono wa chini huona juu zaidi ya linavyoonekana kuelekea. Nadhani utaona mikaratusi. Mti unaolizidi dishi kwa mita 14 hulizuia ukiwa ndani ya mita 10 hivi, na majani yakilowa hali huwa mbaya zaidi. LNB hukuza kilichofika tu; kilichobaki kwenye majani haikifikii, iwe ya 0.1 au ya 0.3. Hamisha dishi hadi kona ya dari iliyo mbali na miti, ukiacha LNB uliyonayo, na kabla ya kuifunga tena hakikisha mfuniko wake wa mbele haujapasuka, kwani mavu wa Ilboru hupenda sana kujenga vyumba vya udongo humo ndani.